Matandiko ya kizimba ndiyo uhai au kifo cha kenge afugwaye

WAHENGA walinena kwamba katika msafara wa mamba na kenge wamo. Katika msafara wa wanyamapori wanaovushwa bahari kwenda kufugwa majumbani mwa watu, kenge wamo pia, tena kwa wingi. Kwa miongo kadhaa sasa, maelfu ya kenge wachanga wa savana wamekuwa wakisafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin hadi Marekani, Ulaya na Asia, ambako huuzwa madukani wakiwa wadogo kiasi cha kutoshea kiganjani.

Mnunuzi huambiwa kwamba kenge huyo ni mpole, hana gharama kubwa na hula karibu chochote apewacho. Asichoambiwa ni kwamba mnyama huyo aweza kukua hadi urefu wa mita moja, na kwamba uhai wake utategemea jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa dogo mno. Jambo hilo ni kile anachotandikiwa kwenye sakafu ya kizimba chake.

Matandiko ni lile tabaka la udongo, mchanga, maranda au karatasi ambalo mfugaji hulitandaza chini ili mnyama apate mahali pa kukanyaga na kulala. Kwa kuku au sungura, kazi yake kubwa ni kunyonya unyevu wa kinyesi na kupunguza harufu. Yakichafuka huzolewa na kutupwa, na mengine kutandazwa mahali pake.

Kwa kenge mambo ni tofauti kabisa. Kwake yeye matandiko ni nyumba, ni kinga ya kiu, ni kivuli cha kumwepusha na joto, na kwa jike ni mahali pa kutagia mayai. Mfugaji akikosea hapo, hakuna lishe bora wala dawa itakayoliziba pengo hilo.

JINA LILILOPOTOSHA

Kenge wa savana alipewa jina la kisayansi mwaka 1792 na mtaalamu wa Ufaransa aitwaye Louis Bosc, na hadi leo wafugaji wa Uingereza humwita kwa jina la mtaalamu huyo. Leo wanasayansi humwita Varanus exanthematicus. Wafanyabiashara wa Marekani nao walishikilia jina la savana, na hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Wafugaji wengi waliposikia neno savana walifikiria nchi kame yenye jua kali na mchanga mkavu. Wakamtengenezea kenge wao jangwa dogo ndani ya kizimba cha kioo: mchanga wa vidole viwili au vitatu, jiwe moja, bakuli la maji na taa ya joto inayowaka mchana kutwa. Kwa macho ya mgeni, kizimba cha aina hiyo hupendeza. Kwa kenge, ni kikaango.

Savana ya Afrika Magharibi si jangwa. Ina majira ya mvua na majira ya kiangazi, na katika majira yote mawili kenge hutumia muda mrefu akiwa ndani ya ardhi. Mtafiti Daniel Bennett, ambaye aliwachunguza kenge hawa nchini Ghana na kuandika kitabu kuwahusu pamoja na Ravi Thakoordyal mwaka 2003, alieleza jinsi wachanga wanavyoishi katika maeneo ya mashamba na kujificha mashimoni, mengine yakiwa yamechimbwa na nyenje wakubwa. Chakula chao nacho hutoka huko huko ardhini: nyenje, panzi, jongoo, konokono na nge.

Ndani ya shimo hali ya hewa haifanani na ile iliyo juu. Jua la adhuhuri linapounguza nyasi, udongo wa chini hubaki na ubaridi wa wastani, na hewa iliyomo hubaki na unyevu mwingi hata kiangazi kinapokolea. Kenge hutoka asubuhi kuota jua na kuwinda, kisha hurejea chini ili mwili wake usipoteze maji. Kumnyima shimo ni sawa na kumfungia mtu nje ya nyumba yake kwa miaka.

KIU INAYOUA POLEPOLE

Madhara ya matandiko makavu hayaonekani kwa siku moja, na hii ndiyo sababu wengi hawayatambui mapema. Kenge hakojoi kama afanyavyo ng'ombe au mbwa. Mwili wake hutoa taka za protini kwa njia ya asidi ya yuriki, ambayo hutoka pamoja na kinyesi ikiwa kama uji mzito mweupe. Utaratibu huo huokoa maji, lakini nao unahitaji maji kiasi ili figo zifanye kazi ipasavyo.

Mnyama akiishi chini ya taa ya joto bila mahali penye unyevu pa kukimbilia, hupoteza maji kwa kila pumzi anayovuta. Bakuli la maji pekee haliwezi kufidia upungufu huo. Figo huanza kudhoofika, asidi ya yuriki hulimbikizana, na hatimaye chembechembe zake huganda katika viungo na hata katika ogani za ndani. Huu ni ugonjwa wa jongo, ule ule unaowatesa baadhi ya binadamu kwa maumivu ya miguu. Unapodhihirika kwa kenge, mara nyingi daktari wa mifugo huwa hana la kufanya isipokuwa kumpunguzia maumivu.

Dalili za awali zipo kwa anayejua kuzitazama. Macho huonekana yamebonyea, ngozi ya ubavuni hukunjamana, na mate huwa mazito. Aidha, ngozi kuukuu ambayo kenge huiambua mara kwa mara hushindwa kutoka vizuri. Mabaki yake hubakia kama pete katika vidole na nchani mwa mkia, na yakikaza huzuia damu kupita. Kenge wengi wanaofugwa wamepoteza vidole kwa sababu hiyo.

Jike naye hukabiliwa na hatari nyingine. Anapokuwa na mayai, hutafuta udongo mzito wenye unyevu ili achimbe na kutaga. Asipoupata, huweza kuyazuia mayai tumboni hadi yamletee madhara makubwa, na pengine kumuua. Ifahamike kwamba jike anaweza kutunga mayai hata bila kukutana na dume, hivyo mfugaji mwenye kenge mmoja tu hajasalimika.

YA KUEPUKWA

Ya kwanza katika orodha ya matandiko yasiyofaa ni maranda ya mierezi na ya misonobari. Mbao za miti hiyo hutoa mafuta yenye harufu kali, na ndiyo maana watu tangu zamani wametumia mbao za mierezi kutengenezea makasha ya nguo ili kufukuza nondo. Katika kizimba kilichofungwa chenye joto, mvuke wa mafuta hayo huwasha macho na njia ya hewa, na huweza kudhuru ini. Hapa Wakenya wana la kuzingatia. Mtarakwa uotao katika nyanda zetu za juu ni wa jenasi ya Juniperus, sawa na mti wa Marekani ambao maranda yake huuzwa huko kwa jina la mwerezi.

Kuna mkanganyiko mwingine wa majina. Wafugaji wa Marekani husifu vipande vya mbao za saipresi kwa kuwa huhifadhi unyevu bila kuoza haraka. Saipresi wanayoitaja ni mti wa vinamasi wa jenasi ya Taxodium, wala si ile inayopandwa Kenya kwa ajili ya mbao na ua. Anayesoma ushauri wa ughaibuni na kwenda kuchukua maranda katika kiwanda cha mbao cha hapa nyumbani atakuwa ameleta kitu kingine kabisa, na pengine kutoka kwa mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa.

Magunzi ya mahindi yaliyosagwa na maganda ya kokwa nayo hayafai. Magunzi yakilowa huota kuvu upesi, na yakimezwa huvimba tumboni. Maganda ya kokwa huwa na ncha zinazoweza kukwaruza utumbo. Changarawe ndogo ina hatari hiyo hiyo ya kumezwa, wakati ule udongo wa kutandikia paka, ambao hugandamana ukipata maji, huweza kuganda vivyo hivyo ndani ya utumbo.

Ule mchanga wa kalsiamu uuzwao kwa rangi za kuvutia umewapotosha wengi, kwa kuwa hutangazwa kwamba mnyama akiumeza hupata madini. Ukweli ni kwamba ladha yake humshawishi mnyama aule kwa wingi, nao hujikusanya tumboni na kuziba njia. Mchanga mtupu wa kawaida haumtii mnyama tamaa ya namna hiyo, lakini una kasoro nyingine: hauwezi kushika umbo la shimo. Kenge akichimba, kuta humwangukia.

Mazulia ya plastiki na vitambaa vya nyasi bandia huonekana safi, lakini hunasa kucha na humnyima mnyama nafasi ya kuchimba. Udongo wa madukani uliotengenezwa kwa ajili ya maua huwa na mbolea za kemikali, dawa za wadudu au zile punje nyeupe za kulegeza udongo, na vyote hivyo si vya kumezwa na kiumbe chochote.

Je, magazeti makuukuu? Yana mahali pake. Kenge mgeni aliyetoka safarini, au mgonjwa aliye chini ya uangalizi wa daktari, hufaa kuwekwa juu ya karatasi kwa wiki kadhaa ili kinyesi chake kichunguzwe na utitiri wa ngozi uonekane kwa urahisi. Katika muda huo atahitaji sanduku la kujifichia lenye unyevu. Hata hivyo, karatasi ni kitanda cha hospitali, wala si makao ya kudumu.

UDONGO UNAOFAA

Baada ya miaka mingi ya makosa, wafugaji wazoefu wamerejea kwenye kitu ambacho kenge mwenyewe angekichagua, yaani udongo. Mchanganyiko unaopendekezwa mara nyingi ni udongo wa juu wa kawaida, usio na mbolea wala dawa, uliochanganywa na mchanga safi. Kwa kawaida udongo huwa nusu au zaidi kidogo, na mchanga sehemu iliyobaki. Vipimo hubadilika kulingana na udongo wenyewe, kwani udongo wa mfinyanzi ukizidi hupasuka unapokauka, na mchanga ukizidi shimo huporomoka.

Kipimo bora ni mkono wa mfugaji. Achukue konzi ya mchanganyiko huo na kuukamua. Ukishika umbo la kiganja bila kudondosha maji, na akitoboa kwa kidole tundu likabaki wazi, udongo uko tayari. Ukisambaratika, ni mkavu au una mchanga mwingi mno. Ukichuruzika maji, uachwe upungue unyevu, kwa sababu matandiko yaliyorowa na kuchafuka huleta vidonda vya ngozi tumboni, madhara yaliyo mabaya sawa na yale ya ukavu.

Makumbi ya nazi nayo hutumika sana ulimwenguni, yakiuzwa yakiwa yameshindiliwa kama matofali. Hunyonya maji vizuri na yanafaa kuchanganywa na udongo, ingawa yakiwa peke yake hayashiki shimo na yakikauka hutoa vumbi. Anayeyachukua kutoka ufuoni, pale ambapo watu huyafukia katika tope la maji ya bahari ili kupata nyuzi za kamba, ayaoshe mara kadhaa kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kuyatumia.

Kina cha matandiko ni muhimu sawa na aina yake. Kwa kenge wa savana aliyekomaa, wafugaji wengi makini hupendekeza kisipungue sentimita 60. Kina hicho humwezesha kuchimba handaki linalomtosha mwili mzima, na pia hujenga ngazi za joto na unyevu. Juu, chini ya taa, mahali pa kuotea hufika nyuzijoto 50 na zaidi za selsiasi. Chini kabisa, hewa hubaki na ubaridi na unyevu. Kenge huchagua mwenyewe anapotaka kuwa.

Unyevu hutunzwa kwa kumimina maji kwenye pembe za kizimba ili yapenye hadi chini. Kunyunyizia juu peke yake hakutoshi, kwani maji hayo hukauka kabla ya kufika panapohitajika. Kizimba chenyewe nacho kiwe na kuta na paa lililozibwa vyema, na matundu machache ya hewa, kwa sababu kile chenye paa la wavu hupoteza unyevu wote pamoja na joto la taa.

Kuhusu hofu ya kenge kumeza udongo, wataalamu wengi wanaeleza kuwa mnyama aliye na maji ya kutosha mwilini, joto la kutosha na chakula kinachomfaa huweza kupitisha udongo kidogo bila shida. Kuziba kwa utumbo hutokea zaidi kwa mnyama aliyekaukiwa, anayeishi katika baridi au anayelishwa kupita kiasi. Kenge asiyepata haja kwa siku nyingi, aliyevimba tumbo au anayeburuta miguu ya nyuma apelekwe kwa daktari bila kuchelewa.

TANI MBILI NA NUSU

Ni vyema mtu akapiga hesabu kabla ya kununua. Kizimba kinachopendekezwa kwa kenge mmoja aliyekomaa huwa na urefu wa takriban mita 2.4 na upana wa mita 1.2. Kikijazwa udongo hadi kina cha sentimita 60, huhitaji mita za ujazo 1.7 hivi. Udongo wenye unyevu huwa na uzito wa karibu tani moja na nusu kwa kila mita moja ya ujazo. Kwa hiyo matandiko peke yake hukaribia tani mbili na nusu, kabla ya kuhesabu kizimba, taa na mnyama mwenyewe.

Huo si mzigo wa kuwekwa katika sebule ya ghorofa ya tano. Ni mzigo unaohitaji sakafu imara ya chini, mbao zilizozibwa zisioze na gharama ya umeme kila mwezi. Hesabu hiyo ndiyo inayomwonyesha mtu iwapo ana uwezo wa kumfuga kenge au ana tamaa tu ya kummiliki. Bei ya mnyama mchanga ni ndogo, na udogo wake ndio unaowanasa wengi.

KILA MJUSI NA MAKAO YAKE

Si kila mjusi mkubwa huhitaji udongo wa kina hicho. Iguana wa kijani, mwenyeji wa Amerika ya Kati na Kusini, huishi juu ya miti na hula majani. Kwake yeye muhimu zaidi ni urefu wa kwenda juu, matawi na hewa yenye unyevu, na sakafu yake yaweza kuwa karatasi, isipokuwa jike anapohitaji sanduku la kutagia. Tegu mweusi na mweupe wa Amerika Kusini, kwa upande wake, huchimba na hulala mafichoni wakati wa baridi, hivyo naye huhitaji tabaka nene lenye unyevu.

Kanuni basi ni moja: mfugaji aulize kwanza mnyama wake huishi vipi kwao, kisha ndipo aulize dukani kuna nini.

USAFI NA SHERIA

Kwa mnyama yeyote kati ya hao, kinyesi kiondolewe kila siku kinapoonekana, na udongo ulioloa uchafu ubadilishwe. Wanyama watambaao hubeba bakteria wa salmonela bila wao kuugua, na bakteria hao hubaki ndani ya matandiko. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kazi, vyombo visioshewe jikoni, na matandiko yaliyotolewa yasitumiwe kama mbolea ya mboga. Watoto wa chini ya miaka mitano hawafai kabisa kuwashika wanyama hao.

Kwa Wakenya walio nyumbani, lipo jambo la msingi zaidi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumkamata wala kumfuga mnyamapori bila kibali, na kenge wa mitoni au wa nchi kavu ni mnyamapori hata akipatikana nyuma ya nyumba. Isitoshe, biashara ya kimataifa ya kenge wote hudhibitiwa na mkataba wa CITES. Hukumu ya Mei 2025, ambapo mahakama ya Nairobi iliwatoza wanaume wanne faini ya Sh1 milioni kila mmoja kwa kujaribu kusafirisha malkia wa sisimizi kimagendo, ilionyesha kwamba hata kiumbe mdogo namna hiyo ana mwenyewe.

Kwa wale waishio katika nchi ambazo ufugaji huo umeruhusiwa, uamuzi umo mikononi mwao. Kenge aliyetolewa ardhini nchini Ghana hawezi kudai chochote. Hana sauti ya kulia kama mbwa wala ya kunung'unika kama paka. Hunyamaza tu, akakauka kidogo kidogo, hadi siku anapokutwa amelala bila kuamka. Asiyeweza kumpa udongo wa kuchimba ni heri amwache dukani, na awaeleze wenzake sababu.